Tulivyompeleka Bibi Harusi wa Radi Mavivi

Tangu nirudi, kila anayepita mbele ya mashine yangu ya kushona anauliza jambo lile lile: "Masika, ni kweli batu ba Beni banakohoaka ndani ya filme?" Nimejibu mpaka chai inapoa kikombeni. Basi nimeamua kuandika yote, marafiki zangu wa Vulamba, hapa Butembo, msome mkiwa mmekaa, halafu mniache nimalize nguo za watu.

Kwa ambao hawakuwepo wakati ule, nieleze kidogo. Kakule, mume wa mdogo wangu Kahindo, alitunga mchezo wa jukwaani wa muziki wa rock. Haukuwa rumba wala nyimbo za kwaya. Ulikuwa rock ya gitaa za umeme, zinazolia kama msumeno unaopasua mbao. Mchezo uliitwa Bibi Harusi wa Radi. Msichana anaozwa kwa mfanyabiashara asiyemtaka. Siku ya harusi radi inapiga spika, na tangu hapo bibi harusi hawezi tena kusema, anaimba tu, na kila anayetaka kumjibu inambidi naye aimbe. Kahindo alikuwa bibi harusi. Kakule alikuwa bwana harusi. Mimi nilikuwa mama yake bibi harusi, ingawa ni dada yake, na ndimi niliyeshona gauni: kitambaa cheupe cha kawaida, na juu yake tepu nyeusi za kaseti za zamani, nyingi sana, zinazocheza hata bila upepo.

Mchezo ulipendwa. Tukapata moyo, tukaufanya filamu, papa hapa uani kwetu, kwa kamera ya kuazima. Filamu haikupendwa. Watu walicheka pale tulipotaka walie, wengine wakatoka kabla ya mwisho. Kakule akaitia ile disque dur, diski iliyobeba filamu, katika kopo la maziwa ya unga na hakuitaja tena. Baadaye Kahindo akaugua. Hakuugua muda mrefu, akatuacha. Kakule akauza gitaa, akafungua duka la vyuma vya pikipiki Mususa, na kwa miaka yote hiyo sikumsikia hata akipiga mluzi.

Halafu siku moja simu ikaita. Mwanamke aliyejitaja kuwa Mama Zaituni wa Mavivi, karibu na Beni, mwenye salle ya kuonyesha mpira na filamu, akaniambia hivi: "Mama, filme yenu tunaiangaliaka kila Samedi. Mais disque yetu imechoka. Sura ya bibi harusi imeanza kukatika-katika. Kama muko na ile ya kwanza, mutuletee. Na ile robe, kama iko."

Kila Jumamosi, na gauni pia! Nilidhani ananitania. Kumbe mashofere walikuwa wamenunua kopi zetu sokoni miaka ile, moja ikafika Beni, na huko ikapata watu wake.

Vulamba hadi Mususa

Nilikwenda Mususa nikiwa nimelibeba gauni katika mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Nilimkuta Kakule amekaa mlangoni pa duka, amevaa koti la safari, kopo liko magotini.

Nilikuwa nimemshauri tufanye kopi kwa fundi wa kompyuta kisha tuitume. Alikataa. Fundi angeifungua, alisema, na Kahindo angetokea pale mbele ya watu wanaonunua chaja za simu. "Minaipeleka mwenyewe," alisema. "Bataitia kwa mashine yao. Miye nitabaki inje. Bakimaliza, banirudishie."

"Hautaiangalia?"

"Hapana, shemeki."

Sikumlazimisha. Mimi mwenyewe sikujua kama ningeweza.

Mama Zaituni alikuwa amepanga tusafiri na Fuso ya kaka yake, inayochukua viazi na mboga za poireaux kutoka upande wetu kupeleka Beni. Shofere, Issa, alipaswa kufika asubuhi. Viazi vyake vilichelewa Lubero, mvua ilikuwa imeharibu njia. Tulikula mandazi na avoka, tukasubiri. Tukasubiri tena. Kakule alivua koti, akauza mnyororo wa pikipiki, akalivaa, akauza plagi, akalivua. Kila alipolivua nilijua safari imekufa, na kila alipolivaa nilikunja upya mfuko wa gauni.

Issa alifika alasiri, kijana mrefu mwenye sauti ya pole, suruali imejaa matope mpaka magotini. Aliomba radhi kwanza, kisha akaomba maji, akatawadha, akasali nyuma ya duka. Alipomaliza alisema: "Leo imeisha. Njia ya sasa hapana ya kutembea na giza. Tutaondoka kesho na mapema."

Kakule akalivua koti kwa mara ya mwisho siku ile.

Mususa hadi Maboya

Tuliondoka na ukungu. Kwenye kabini tulikuwa watatu: Issa, Kakule katikati na kopo lake, mimi dirishani. Gauni tulilitundika nyuma ya kiti, na tepu zile zikawa zinacheza kwa mtikisiko wa injini.

Kwenye bariera ya kwanza askari mmoja alipanda ngazi ya gari, akachungulia. Macho yalikwenda moja kwa moja kwenye gauni.

"Libala ya nani?" akauliza kwa Kilingala chao. Harusi ya nani?

Kakule ni mtu asiyejua kusema uongo, hata ule mdogo wa njiani. Akajibu kwamba robe ni ya mke wake.

Askari akaniangalia mimi, kichwa mpaka miguu, mama mzima mwenye miwani. Akatabasamu. "Félicitations, maman!" akanipongeza.

Kabla sijafungua mdomo, akaliona kopo. "Na hii? Ni maziwa?"

"Siyo maziwa," Kakule akasema, akalikumbatia.

Hapo tabasamu likaondoka. Askari akanyoosha mkono. Kakule hakulitoa. Issa alizima injini taratibu na kuweka mikono yake miwili juu ya usukani ili ionekane. Nilisikia kuku wakilia mahali fulani, na nilimwona Kakule akipumua kama mtu anayenyanyua mzigo.

"Shemeki," nikamwambia polepole, "muonyeshe tu. Hatalichukua."

Akafungua kifuniko mwenyewe. Ndani kulikuwa na kitu kimefungwa kwa kipande cha kitenge. Nikakitambua kile kitenge: kilikuwa cha Kahindo, cha njano chenye maua ya bluu, alichokuwa anajifunga akisonga bugali. Sikujua kama Kakule alikuwa amekiweka.

"Ni filme, chef," nikasema. "Filme ya mariage."

Askari akaangalia disque dur, akaliangalia gauni, akaniangalia mimi. Kisha akacheka mpaka akashikilia mlango. "Harusi haijafika, na filme mumekwisha kuipiga! Batu ba Butembo!" Akashuka, akafungua bariera, akawa anawasimulia wenzake. Tulipopita walitupigia makofi.

Issa aliendesha, macho mbele, mpaka tulipokata kona. Ndipo akaanza kucheka bila sauti, mabega yanatikisika. Kakule hakucheka. Alikuwa anafunga tena kile kitenge, kona kwa kona.

Maboya, mahali tulipoozwa bila kujua

Maboya tulikuta magari yamepanga mstari. Lori lilikuwa limelala katika mteremko wa Kabasha, limeziba njia, na hata kama lingeondolewa, askari wa ulinzi walikuwa hawajasema kwamba ni salama kupita, kwa ajili ya wenye bunduki porini. Mtu wa pikipiki akatuambia labda jioni. Mwingine akasema kesho. Issa akachukua silaha pekee aliyokuwa nayo, yaani uso wake wa pole, akaenda kutuombea mahali pa kupumzika kwa mama mmoja auzaye chakula kando ya barabara. Jina lake Mama Katungu, mkulima, Mkatoliki, rozari shingoni, mikono mikubwa.

Nikamsalimia kwa Kinande, akafurahi, akatuletea viti. Alituletea bugali ya mihogo, sombe, yaani kisamvu, iliyotiwa mawese, maharage, na kipande cha makayabu, samaki wa chumvi, kwa ajili ya Kakule peke yake. Nilishangaa kidogo kwa nini Kakule peke yake. Wakaja mama wengine wawili kutuangalia tukila. Wakawa wanaongea kwa sauti ya chini na kunitazama kwa huruma. Habari ya bariera ilikuwa imetufikia kabla yetu, kwa pikipiki.

Nilipoinuka kunawa mikono, Mama Katungu akanivuta nyuma ya jiko.

"Mama," akasema, "hapana kukasirika. Mimi minakuambia kama dada. Yule baba, ile robe ni ya bibi yake wa kwanza, si vile?"

"Ndiyo."

"Na bibi mwenyewe alikufa?"

"Ndiyo."

"Basi. Mwanaume mwenye kutembea na robe ya marehemu, angali hajakuwa tayari kuoa. Unaona vile anashika ile kopo? Usikubali leo. Umuambie angojee."

Nilitaka kucheka na machozi yakatoka badala yake. Nikamwambia mimi si bibi harusi, mimi ni dada wa marehemu, na hakuna harusi, kuna filamu tu, watu wa Mavivi wanaitaka. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akapangusa mikono kwenye kitambaa chake.

"Minaweza kuiona robe?"

Nikaitoa kwenye gari. Aliigusa kwa ncha za vidole, tepu moja baada ya nyingine, kama mtu anayechambua mboga. Halafu akageuza upindo. "Hapa imeachia," akasema.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimelibeba gauni njia yote na sikuliona lile. Nikatoa sindano kwenye mkoba, nikakaa kwenye gogo la jiko lake, nikashona. Yeye alinishikia upande wa pili ukae wima. Kakule alikuja akasimama akatuangalia. Akachukua kisu akaanza kumsaidia mama mwingine kumenya ndizi, na mchana ule ukaisha hivyo, watu wazima tunafanya kazi za mikono na njia imefungwa.

Tulilala kwake. Asubuhi, magari yaliporuhusiwa kwenda kwa msafara, Mama Katungu alimpa Kakule kuku mwekundu amefungwa miguu.

"Ni ya harusi?" Kakule akauliza, na ile ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akifanya mzaha tangu Mususa.

"Ni ya njia," akajibu Mama Katungu.

"Wasingya," tukamshukuru sote. Hata Issa, ambaye si Mnande.

Kabasha hadi Beni

Mteremko wa Kabasha tuliushuka kama wazee, gari moja nyuma ya jingine. Lile lori lilikuwa limesukumwa pembeni, shehena yake ya sabuni imemwagika, na povu jeupe lilikuwa linatiririka mferejini pamoja na mvua. Askari walikuwa wamekaa ukingoni, bunduki magotini, wanakula mahindi ya kuchoma. Hakuna aliyetuuliza kitu. Baada ya hapo joto likaanza kupanda, na kuku akalala miguuni pangu.

Beni tulisimama sokoni ili Issa ashushe viazi. Niliteremka kunyoosha miguu. Mama muuza samaki akaniangalia, akakaza macho, kisha akapiga kelele: "Mama, mulango!"

Niligeuka haraka. Mlango wa gari ulikuwa umefungwa. Nikaufungua, nikaufunga tena vizuri.

Hatua chache mbele, wanaume wawili kwenye pikipiki: "Mama, mulango!" Nikarudi tena, nikaukagua. Ulikuwa umefungwa. Nikakagua na ule wa nyuma. Nilipokuwa nashika kitasa, msichana mwenye beseni la parachichi kichwani akapita akisema kwa upole, kama anayeniombea: "Mama, mulango."

"Issa," nikaita, "hii gari yako ina shida gani ya mlango?"

"Haina shida, Mama," akajibu, akageuka upande mwingine haraka sana.

Wakati huo huo nikamwona Kakule ameshuka, ameweka kopo juu ya kiti. Koti lilikuwa mkononi. "Shemeki," akaniambia, "Mavivi ni pale tu. Endeni na Issa. Miye nitatafuta gari ya kurudi Butembo."

"Juu ya nini?"

Alilikunja koti mkononi. "Bakicheka," akasema. "Wakati ule bakicheka, Kahindo alikuwa hapa, tulicheka naye pamoja kisha, nyumbani. Sasa bakimucheka, nitafanya nini?"

Mimi pia nilikuwa nimefikiria hivyo: watu wanaoangalia filamu mbaya kila Samedi, wanaiangalia kwa nini kama si kuicheka? Nikamwambia jambo moja nililokuwa na uhakika nalo.

"Unaweza kurudi. Mais ile kopo miye sitaibeba. Ukienda, uende nayo, na nitabaambia batu ba Mavivi kwamba haikufika."

Tulisimama hivyo. Magunia ya viazi yalikuwa yanaanguka chini, pu, pu. Mwishowe akapanda, akalichukua kopo, akaliweka magotini.

Mavivi

Mama Zaituni alikuwa anatungoja barabarani, mwanamke mfupi, mtandio wa kijani, simu mbili mkononi. Alimshika Kakule mkono kwa mikono yake miwili na hakusema maneno mengi, nikampenda kwa hilo. Alitulisha kwanza: pilau ya mbuzi, kachumbari, chai ya tangawizi. Ndege iliyokuwa inatua kwenye uwanja wa ndege wa jirani ilipita juu ya mabati, vikombe vikatikisika, wenyeji wakaendelea kula kana kwamba ni nzi.

Salle yake ni ya mbao na mabati, mabenchi marefu, ukuta wa mbele umepakwa chokaa nyeupe wa kutupia picha. Huonyesha mchana, kwa sababu watu wanataka kuwa nyumbani kabla ya giza. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia. Watu walianza kuingia, na hapo ndipo nilipoanza kushangaa. Kila mmoja alikuwa na kifuniko cha sufuria na kijiko. Wasichana walikuwa wameshona tepu za kaseti kwenye mikono ya blauzi. Kulikuwa na mafundi wa mbao, wanafunzi, mama wenye watoto mgongoni, askari asiye zamu, mzee mmoja mwenye kanzu safi sana. Nilipotoa gauni kwenye mfuko, kelele zikazimika zote. Mama Zaituni alilitundika pembeni ya ukuta, na watu wakapita mmoja mmoja kuliangalia. Hakuna aliyeligusa.

Kakule alimkabidhi Mama Zaituni kopo. Kisha akatoka, akakaa kwenye benchi la nje chini ya upenu, na kuku wake.

Filamu ikaanza. Sauti ya gitaa lake ikajaa mabati yale, na radi ilipopiga, vifuniko vyote vikalia kwa pamoja mpaka nikaziba masikio. Nilijiona ukutani, kijana, mwembamba, nimejifunga kilemba cha mama mkwe. Nikakumbuka kilichokuwa kinakuja, lakini nilikuwa nimechelewa: Mama wa bibi harusi anakimbia kumfuata binti yake, haangalii, na anajigonga uso kwenye mlango. Sikuwa nimepanga kujigonga. Tuliiacha kwa sababu betri ya kamera ilikuwa inakwisha.

Salle nzima ikasimama: "MAMA, MULANGO!"

Pale kwenye picha nikajigonga mlangoni. Watu wakalia "Yooo!" kwa uchungu, kwa kweli kabisa, wakashika vipaji vyao vya nyuso. Mama niliyekaa naye akanisugua paji la uso. "Pole," akaniambia. "Kila Samedi tunakuambiaka, na hausikiaka."

Nilicheka mpaka miwani ikaanguka.

Kisha ikaja zamu ya bwana harusi. Hapa, marafiki, ndipo penye kukohoa mnakokuulizia. Kakule anapaswa kumjibu bibi harusi kwa wimbo mkubwa, anavuta pumzi, anafungua mdomo, na maneno yamempotea. Anakohoa. Mara tatu, kavu, anashika kola. Kisha anaimba jambo jingine kabisa. Ni kosa, nalo ndilo walilolichekea zaidi wakati ule Butembo.

Watu wa Mavivi hawakucheka. Walivuta pumzi pamoja naye, wakashika kola zao, na wakakohoa. Mara tatu. Wazee kwa vijana, kwa wakati mmoja, kama wanaoitikia misa. Kisha wakaimba naye lile jambo jingine, neno kwa neno.

Gunia la mlangoni likasogea. Kakule alikuwa amesimama pale, kuku kwapani. Alikisikia kikohozi chake kutoka nje, kikitoka kwenye vifua vya watu asiowajua. Hakuna aliyemtambua, amenenepa na ana mvi. Mtu akamsogezea nafasi kwenye benchi, naye akakaa.

Ndipo Kahindo akatokea peke yake. Picha ya disque yetu ilikuwa safi. Nilisikia watu wakishtuka, kwa sababu kwa muda mrefu walikuwa wanamwona akikatika-katika, na sasa alikuwa mzima, jasho juu ya mdomo, lile pengo dogo la meno. Alianza wimbo wake, ule wa polepole, gitaa moja tu nyuma. Katikati ya ubeti akapandisha mkono na kujifuta nyusi kwa upande wa nje wa kiganja, hivi, vidole vimeinuliwa. Na mabenchi yote mbele yangu, mikono ikapanda, nyusi zikafutwa, vidole vimeinuliwa.

Kakule akaniegemea. "Ile hakuwa anacheza," akasema sikioni mwangu. "Alikuwa anafanyaka vile jikoni. Akiwa na unga ku mikono."

"Najua," nikasema.

Na hapo groupe, jenereta yao, ikazima.

Giza, kimya, harufu ya mafuta. Nilimsikia Mama Zaituni akimuita mtu wa injini. Nilingoja miluzi na malalamiko. Badala yake, kutoka benchi la mbele, sauti moja ya msichana ikaendelea pale pale Kahindo alipokatwa, na wote wakaingia nyuma yake, polepole, bila gitaa. Mtu akafungua dirisha moja na mwanga ukaangukia lile benchi. Msichana alikuwa amesimama, macho amefumba. Walimaliza ubeti. Wakamaliza wimbo. Walikuwa wanajua hata pale Kahindo anapopumua.

Kakule hakuimba. Alikuwa amemshika kuku kwa mikono yote miwili na machozi yanamtoka bila kuyafuta. Groupe ilipowaka tena, mtu wa mashine aliuliza kwa sauti kama aendelee mbele.

"Rudisha," Kakule akasema. Watu wakageuka kumwangalia. Sauti yake ndiyo waliyoitambua, kabla ya uso. "Tafadhali. Rudisha pale anaanzaka."

Asubuhi ya kuondoka

Tulilala kwa Mama Zaituni. Asubuhi Issa alikuwa anapakia mbao, kwa hiyo tulikaa barazani tukinywa chai. Disque ilikuwa imekwisha kukopiwa usiku, na kopo limerudi kwa mwenyewe. Yule msichana wa benchi la mbele alikuja kutuaga. Anaitwa Rehema, anauza unga wa mihogo na mama yake. Alileta gitaa la jirani, la mbao, uzi mmoja haupo.

"Papa," akasema, "kama haitakuchosha."

Kakule aliligeuza-geuza, akakaza nyuzi, akazikwaruza kwa vidole. Vilikuwa vimekuwa vigumu kwa ajili ya vyuma, nilimwona akikunja uso. Kisha akaanza wimbo wa bibi harusi, kwa sauti ya chini, vile alivyoutunga. Majirani wakasogea. Alifika mwisho wa ubeti wa pili, pale wimbo unapopanda juu, akaupandisha.

Rehema akatikisa kichwa. Alingoja kwa heshima mpaka Kakule akanyamaza.

"Pardon, Papa. Mais siyo vile."

"Siyo vile namna gani? Ni miye niliitunga."

"Ndiyo, Papa. Mais yeye hapandaka pale. Anashukaka."

Kakule akafungua mdomo ili abishe. Nikamwona anakumbuka. Siku ya kurekodi Kahindo alichoka, sauti ikagoma kupanda, akaishusha kwa njia yake mwenyewe, na wakabishana siku nzima kuhusu jambo hilo. Miaka yote hii Kakule alikuwa amebaki na wimbo alioandika yeye. Ule wa mke wake ulikuwa umekaa huku, Mavivi, kwa watu wasiomjua.

Issa akapiga honi. Hakuna aliyeinuka.

Kakule alilirudisha gitaa vizuri kwenye goti lake, akamwangalia yule msichana.

"Bon," akasema. "Unifundishe."